Nafasi Iliyomo Tumboni

Nyamahanga, Biharamulo
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa, Mzee Xavery,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Shikamoo hii naiandika nikiwa nimepiga goti kweli, maana meza yetu imevunjika mguu na karatasi nimeiweka juu ya kigoda. Kwa hiyo uipokee kama uliyoiona kwa macho.

Naomba barua ikukute mzima, wewe na Mama, na mdogo wangu Desderius, pamoja na yule ndama niliyeambiwa kazaliwa na doa jeupe usoni. Kikohozi cha Mama kimeisha? Mwambie asitoke alfajiri bila kujifunika kifua, ukungu wa Ntobeye naujua vizuri. Migomba ya kule bondeni je, mnyauko umeiacha? Sisi huku hatujambo. Mvua imekubali, maharage yameota, na mume wangu Nduwayo yuko msituni kwenye kazi ya mbao, tunamtegemea mwisho wa mwezi. Mimi nimechoka, Baba, sikufichi. Nalala nikinyonyesha, naamka nikinyonyesha, na katikati nalima. Lakini ni uchovu wa mtu mwenye furaha. Ukiniona utasema nimekonda, Mama mkwe atakujibu kwamba nakula kumshinda Nduwayo, na nyote wawili mtakuwa mmesema kweli.

Utajiuliza kwa nini nimekaa kuandika wakati simu ipo. Simu ni ya Desderius, na Desderius hajui kuongea na simu bila kuweka spika. Safari ile nilipokupigia habari ya mtoto, watu wa klabu ya pombe walinisalimia kwa jina mmoja mmoja. Maneno ya leo hayafai kusikika klabuni. Barua nitampa Yuster, rafiki yangu anayepeleka dagaa Benaco, na nimemwambia aifikishe mkononi mwako, si kwa mtu mwingine. Isome peke yako kwanza, ukiwa umekaa. Wewe uliyesomea watu masomo kanisani tangu sijazaliwa, huwezi kushindwa na mwandiko wangu.

Neno lenyewe ni la mjukuu wako, wajina wako.

Unakumbuka nilikueleza kwamba ana uvimbe kinenani, upande wa kulia. Akilia unatokeza kama yai la kuku, akilala unarudi ndani, usijue kama ulikuwepo. Nilikwambia pale zahanati wamesema ni ngiri, kwamba inatakiwa apasuliwe na kushonwa mapema, kwa sababu utumbo ukija kubanwa pale mtoto anaweza kutuponyoka kwa siku moja. Nikakuomba baraka yako. Nawe, Baba, hukunipa. Ulisema, "Mtoto anayeitwa kwa jina langu hapasuliwi kama mbuzi. Mfunge kitambaa, atakua nayo." Halafu ukasema salio linakwisha, wakati aliyepiga ni mimi.

Wewe siyo mtu wa kukata maneno hivyo. Hata waliokuja kukudai mpaka wa shamba uliwakaribisha uji kwanza. Nikasema labda umechoka. Lakini kuanzia hapo nilikuwa na vitu viwili mikononi, neno lako na tumbo la mtoto, na kila nilipokishika kimoja vizuri nilihisi kingine kinateleza.

Hapa nyumbani nako sikuwa na wa kunitetea. Mama mkwe, Mama Leonsia, unamjua alivyo, moyo mzuri na mdomo usiochoka. Yeye alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza. Alisema nilikalia kinu nikiwa mjamzito. Kwao walilelewa kwamba mwenye mimba akikalia kinu, mtoto hutoka na tumbo lililo wazi kama kinu chenyewe, kwa kuwa kinu hakina kifuniko. Na kweli nilikikalia, siku ya kupura maharage, miguu imevimba, na aliyenisogezea ni yeye. Nilipomkumbusha, alisema alinisogezea nikiegemee, hakusema nikikalie. Basi akasuka mshipi wa ukambaa wa mgomba, akaweka mbegu ya mbono katikati ili ikandamize pale penye uvimbe, akamfunga. Mtoto akikohoa, uvimbe unatokea pembeni ya mshipi kama mtu anayechungulia wageni dirishani. Mama mkwe anausogeza mshipi, nao unatokea upande wa pili. Ungewaona ungecheka, kama asingekuwa mtoto wangu.

Sasa nikupe na habari ya furaha, ambayo bila hiyo hii nyingine haieleweki. Nimerudi darasani. Hapa kata yetu kuna kituo, kina mama tuliokatia shule njiani tunasoma alasiri, tukishatoka shamba, ili tufanye mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Watoto tunakuja nao. Wanalazwa kwenye mikeka nyuma ya darasa, na kila siku mmoja wetu ana zamu ya kuwaangalia. Siku ya zamu yako husomi kitu, unafuta kamasi. Mwalimu wetu wa baiolojia ni kijana anaitwa Danstan. Kitabu ni cha Kiingereza, yeye anatufafanulia kwa Kiswahili, na akituona tumezidi kumkodolea macho anamwomba Priscila, yule wa kwetu Ngara, aniambie mimi kwa Kihangaza, halafu mimi niwaambie wengine kwa ishara. Ndivyo tunavyosoma, na tunaelewa.

Wiki hizo somo lilikuwa makundi ya wanyama. Mwalimu akatuagiza tuje na nyungunyungu, ile minyoo minene ya kwenye udongo wa mgombani. Mama mkwe aliponiona nachimba na kopo alisema kumbe tunaacha palizi ili tukapasue chambo. Darasani tulikuwa na dumu la njano lililokatwa ubavu, ndani limemwagiwa nta ya mishumaa, na juu ya nta tukaubana mnyoo kwa pini na kuupasua mgongoni kwa wembe, taratibu, kama mtu anayefumua pindo la gauni. Nilidhani nitakuta matope. Baba, nilikuta nyumba. Kuna ukuta wa mwili, na kuna utumbo unaopita katikati kutoka mdomoni hadi nyuma, na kati ya ukuta na utumbo kuna nafasi, uwazi kabisa, wenye majimaji, na umetandikwa utando mwembamba pande zote. Utumbo haukugandamana na ukuta. Umeshikiliwa tu na ule utando, usije ukaenda ovyo.

Mwalimu akasema siyo wanyama wote wana nafasi hiyo. Tegu, yule mnyoo bapa anayekaa ndani ya watu na nguruwe, hana. Yeye amejaa kutoka ngozi hadi ngozi kama donge la ugali. Wale minyoo wa mviringo wanaotoka watoto wakipewa dawa shuleni wana uwazi, ila ni wa ovyoovyo, haujatandikwa vizuri, utumbo unaelea tu. Nyungunyungu ndiye mwenye uwazi uliotandikwa, na akina konokono wana kidogo, na panzi wamebakiwa na mabaki yake tu, na samaki anao, na kuku, na mbuzi, na sisi. Alisema nafasi hiyo ilianza baharini zamani mno, nchi kavu haijaota hata jani. Jinsi ilivyoanza hakuna aliyeona, na miili laini haiachi mifupa ya kuhesabia. Wapo wataalamu wanaosema vilichomoza vifuko ubavuni mwa utumbo, vikajikata, vikabaki kama vyumba. Wapo wanaosema ile nyama ya katikati ndiyo ilipasuka ikaachana, kama chapati inavyopata tumbo juu ya moto. Na wapo wanaosema huenda ilitokea zaidi ya mara moja, kwa njia zote mbili. Bado wanabishana. Nilifurahi kusikia kwamba hata wao wanabishana.

Usinikunjie uso, Baba. Nilimuuliza Mwalimu kama maneno haya hayagombani na Kitabu cha Mwanzo. Alisema yeye ni wa baiolojia, na kwa kuwa amesikia mimi ni binti wa katekista, la Mwanzo nimpelekee baba yangu. Basi nimelileta, tutaongea tukionana.

Halafu Priscila akauliza swali ambalo mimi nilikuwa naogopa kuuliza. Alisema, sasa hiyo nafasi tupu faida yake nini, si afadhali tujae kama tegu? Mwalimu akafurahi kama aliyepewa zawadi. Akatuambia fikirini kiumbe aliyejaa. Akijikunja, kila kitu chake kinajikunja pamoja naye. Lakini utumbo ukipewa nafasi yake unaweza kusukuma chakula wakati wewe unalima, moyo unadunda bila kusuguana na jirani, mapafu yanajaa na kupungua, na vitu vinakua vikubwa na kujikunjakunja. Utumbo wetu ni mrefu kuliko sisi mara kadhaa, na umeenea kwa sababu una pa kukaa. Halafu akatutazama sisi, tulivyokaa na maziwa yakitudondoka kwenye blauzi, akasema na ninyi mlipobeba hawa watoto, mliwabeba ndani ya nafasi hiyohiyo, utumbo ukasogea pembeni ukampisha mgeni. Baba, kila mmoja wetu alijishika tumbo. Nyuma kule mtoto wa mtu akacheua, tukarudi duniani.

Nami nikanyanyua mkono nikauliza la kwangu. Nilisema, kama utumbo upo huru, unaweza kutoroka? Akasema ndiyo. Penye nafasi, na ukutani pakiwa na tundu, kitu cha ndani kitatafuta njia. Akaeleza kwamba kila mtoto wa kiume, kabla hajazaliwa, vile vitu viwili vya uume wake hukaa juu tumboni, karibu na figo. Wakati wa kuzaliwa ukikaribia vinashuka, na vikishuka vinapita kwenye kinjia cha kinenani, vikiuburuta na ule utando. Baadaye kinjia kinatakiwa kizibe. Kwa wengine hakizibi. Basi mtoto akilia, tumbo linakaza, na utumbo unafuata njia iliyoachwa wazi. Siyo kinu, wala jicho la mtu, wala kosa la ukoo. Ni mlango ambao haukufungwa. Nilisikia machozi, nikajifanya namfunga mtoto mgongoni.

Nimeacha kidogo hapo, nimeenda kumtoa huyu wajina wako kwenye majivu. Sasa amekaa ananitazama, mweupe kama aliyepakwa chokaa.

Nilimweleza Mama mkwe yote hayo tukichambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema maneno ni mazuri lakini ni ya mnyoo. Nikaona hapa maneno hayatoshi. Jumamosi iliyofuata kwa jirani yetu Ndikuriyo walikuwa wanachinja mbuzi, binti yao anapata kipaimara. Nawe unajua wazee wa kike wa huku. Mama mkwe hajawahi kula mbuzi maishani, alikatazwa tangu utotoni kwamba mwanamke akila mbuzi ataota ndevu kama huyo mbuzi. Si kula tu, hata mahali anapopasuliwa hapiti. Mimi nikamshika mkono nikamwambia Mama, leo tunapita. Alikataa, nikamwambia basi siku uvimbe usiporudi nitamkabidhi mjukuu wake, aniambie mwenyewe la kufanya. Tukaenda.

Wanaume walipomwona wakaanza. Ndikuriyo alisema Mama Leonsia, nikuletee na wembe kabisa, kesho utauhitaji kidevuni. Alimjibu pale pale, "Nimekuja kuangalia. Macho hayaoti ndevu. Yangekuwa yanaota, wewe ungekuwa nazo mpaka kisogoni kwa unavyowaangalia wake za watu." Wakacheka wakampisha.

Ndikuriyo alipofungua tumbo, matumbo yote yakateleza nje kwa pamoja, yakang'aa, yameshikana kwa ule utando kama nguo zilizoanikwa kamba moja. Nikamwonyesha Mama mkwe ule utando, na ukuta wa tumbo ulivyo laini upande wa ndani, umetandikwa kama sufuria iliyopakwa mafuta. Halafu nikamwomba Ndikuriyo, kabla hajakata, atoboe tundu dogo kwenye nyama ya ubavu. Alidhani nimechanganyikiwa lakini akatoboa. Nikasukuma utumbo kidogo kutoka ndani, ukatokeza tunduni, mviringo, kama yai. Nikaachia, ukarudi. Mama mkwe akainama. Akasukuma mwenyewe, ukatoka. Akakandamiza kwa kidole, ukarudi. Akaondoa kidole, ukatoka. Kisha akakaza tundu kwa vidole viwili kuuzunguka, na ule utumbo ukabadilika rangi, ukavimba, ukakataa kurudi. Wanaume nao wakaacha utani.

Wewe unajua kazi yake ni kusuka mikeka na kuziba magunia ya watu wakati wa mavuno. Akasimama, akajifuta mikono kwenye majani, akasema, "Gunia likitoboka hulifungi mshipi. Unalishona." Alipofika nyumbani, alimvua mtoto ule ukambaa, akautupa jikoni. Mbegu ya mbono akaipanda nyuma ya choo, alisema haina kosa.

Baba, hata hapo mimi bado nilikuwa nakuogopa wewe. Nilisema nitasubiri, nitakwenda Ntobeye nikuangukie miguuni unielewe. Safari hiyo haikufika. Siku moja asubuhi mtoto alilia kwa hasira tu, nilimnyang'anya kisu, na uvimbe ukatoka ukawa mgumu. Nikamlaza kama nilivyofundishwa, miguu juu, haukurudi. Akatapika. Mama mkwe alikuwa ananitazama na mimi namtazama, na hakuna hata mmoja aliyetaja kinu. Tulipompata mwenye pikipiki, mtoto alikuwa amechoka akasinzia kifuani kwangu, na njiani, kwenye yale mabonde, nikausikia chini ya kiganja changu ukirudi ndani, polepole. Mwenye pikipiki akauliza turudi? Nikasema endelea mbele.

Ndipo ninapokuungamia, nami sitazunguka. Mjukuu wako ameshapasuliwa. Nimekwenda kinyume na neno lako nikijua ni neno lako, na ningekuwa pale tena ningefanya vilevile. Nilimpigia Nduwayo nikiwa mlangoni mwa hospitali, akasema mtoto ni wetu wote wawili lakini anayemwona akilia ni wewe, ukisema apasuliwe apasuliwe. Nikatia sahihi. Walikuwepo madaktari bingwa waliokuja kwa kambi, na aliyemchukua ni mama mmoja mfupi, Daktari Niyonsaba, ana sauti ndogo na vidole vidogo zaidi. Kilichonitesa siyo kisu, ni ile amri ya kutomnyonyesha kabla. Mtoto alinilaani kwa lugha yake yote. Mama mkwe alishika rozari kwenye benchi, akawa anasali fungu moja na kumkaripia nesi fungu moja. Kabla hata hajaimaliza rozari yote, wakatuletea mtoto amelala, na pale penye uvimbe kuna mstari mfupi kama uliochorwa kwa ukucha. Tulirudi nyumbani siku iliyofuata. Sasa anakimbiza kuku, analia anavyotaka, na nikimtazama kinenani akilia hakuna anayechungulia. Mama mkwe amewatangazia watu wote wa Nyamahanga kwamba ushonaji wa daktari ni mzuri, ila yeye angetumia uzi mnene kidogo.

Kwa hiyo kama umekasirika, kasirika nikiwa nimekwambia mwenyewe. Lakini usiikunje barua, Baba. Bado kuna lingine, na hapa nafika mahali binti hafiki.

Pale hospitali Daktari Niyonsaba alinieleza dalili zote, ili nijue zikitokea upande wa kushoto. Alisema mwenye ngiri akinyanyua kitu kizito hushika pale kwa ngumi, husimama kwanza, halafu hutafuta mahali pa kulala chali mpaka irudi. Wakubwa wengi, akasema, hujifunga kitambaa na kuficha miaka na miaka kwa aibu. Alipokuwa anasema hayo mimi sikuwa namwona mtoto. Nilikuwa nakuona wewe. Nilikuona Krismasi iliyopita, tulipokuwa tunakamua ndizi, uliponyanyua ule mtumbwi wa togwa, lile gogo lililochongwa la kukamulia, upande mmoja na Desderius upande mwingine. Uliushusha, ukasimama na ngumi kinenani, ukasema unaenda kuangalia mbuzi. Nilikuja kukuita chakula, nikakukuta umelala chali nyuma ya banda, miguu umeiweka ukutani, unatazama mawingu. Uliniambia unapumzisha mgongo. Na nikakumbuka nilipokuwa msichana nafua nguo mtoni, kila mara kulikuwa na kile kipande kirefu cha kanga kuukuu, kimekunjwa kwa adabu katikati ya suruali zako, nami nilidhani ni mkanda.

Mama hajaniambia neno, usimuulize. Hakuna aliyeniambia. Na ndipo nikaelewa kwa nini siku ile ulikata maneno kwenye simu. Hukuwa unamkatalia mtoto. Ulisikia ugonjwa wako ukitajwa kwa sauti mbele ya klabu nzima, ukaufunga mdomo haraka.

Baba, ile siyo aibu, wala hukumrithisha mtu laana. Ni mlango haukufungwa kabla hujazaliwa, au ni ukuta umelegea kwa miaka ya kubeba mikungu ya ndizi kutulisha sisi. Kwa mtu wa umri wako kitambaa hakizibi chochote. Mimi nimemwona Mama mkwe akikaza vidole kwenye ule utumbo wa mbuzi, nimeona ulivyogeuka rangi. Sitaki kuletewa habari hiyo na simu ya Desderius.

Nimeuliza kila kitu. Madaktari haohao watakuwa Ngara baada ya Pasaka. Mtoto anatakiwa kuonwa tena kidonda, nami nimeomba aonwe hukohuko badala ya huku. Kwa hiyo nitashukia Benaco, nije Ntobeye nilale, na kesho yake asubuhi tutaondoka sote watatu. Watu watamwona babu anamsindikiza mjukuu hospitali, basi. Hakuna atakayeuliza, na akiuliza mwonyeshe mtoto. Watakulaza siku chache, tutasema ni mtoto amelazwa. Padri akiuliza nitamwambia ukweli mimi, wewe usitende dhambi. Mama atabaki na mbuzi, na Desderius, kwenye kubeba mtumbwi wa togwa, apate mtu mwingine wa kumshikia upande wa pili, siyo wewe tena.

Sitaki unijibu kwa simu. Yuster atakaa Benaco mpaka soko litakapovunjika. Ukikubali, mpe maparachichi, hata mawili, aniletee, hatajua yana maana gani. Usipompa kitu nitajua umesahau, na nitakuja vilevile.

Nisalimie Mama sana, mwambie mjukuu wake ana meno manne ya juu na anayatumia. Msalimie Desderius, na wote wa kigangoni wanaoniuliza. Mama mkwe anakusalimu, anasema kuna mkeka wako ameuanza. Wajina wako nimeuchovya mkono wake kwenye majivu nikaubandika hapa chini, maana kalamu simpi tena, alimeza kifuniko chake wiki iliyopita nasi bado tunakisubiri.

Ni mimi binti yako ninayekupenda,
na ambaye safari hii hakusikilizi,

Adelfina